Mawe Yaliyo Chini ya Kanisa



Katika mji wa Cusco, nchini Peru, liko kanisa Katoliki la Santo Domingo. Kabla Wahispania hawajauingia mji huo mwaka 1533, mahali hapo palikuwa na Qorikancha, hekalu kuu la jua la Wainka, lililopambwa kwa mabamba ya dhahabu. Dhahabu ile ilibanduliwa ikachukuliwa, na hekalu likaishia mikononi mwa watawa Wadominiko, nao wakajenga kanisa na nyumba yao juu ya kuta zile zile.

Kuta hizo ni kazi ya ajabu. Mawe yalichongwa yakapangwa pasipo udongo wala chokaa, yakashikana barabara. Ukuta umelala kidogo kuelekea ndani, na milango ni mipana chini, myembamba juu. Tetemeko la mwaka 1650 liliharibu vibaya kanisa, lakini kuta za Wainka zilisimama. Tarehe 21 Mei 1950 likaja jingine; sehemu kubwa ya majengo ya watawa ikabomoka, na kazi ya Wainka iliyokuwa imefunikwa ikaonekana tena. Kanisa lilitengenezwa, lakini vyumba vile vya kale viliachwa wazi, na hata leo mgeni huviona.

Basi twajiuliza: je, yafaa kumwabudu Mungu katika nyumba iliyosimama juu ya mali ya kunyang'anywa?

Wapo watakaosema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini wahenga hao hao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine watasema kanisa lile libomolewe. Nasi twauliza, kwa faida ya nani? Waumini wengi wa Cusco ni wazao wa watu wale wale walionyang'anywa. Wamebatizwa na kuzikwa katika imani hiyo kwa karne nyingi. Kuwabomolea kanisa ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Sisi Waanglikana tusiwe wepesi wa kuwanyoshea wengine kidole. Twajivunia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, katika uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka ule ule. Habari hiyo twaisimulia kwa furaha, na ni haki yetu. Lakini tuangalie tofauti. Kule Unguja twakumbuka dhambi ya soko. Kule Cusco Wakristo hawana budi kukumbuka dhambi ya Wakristo. Kukumbuka kosa la mwingine ni rahisi. Kukumbuka la kwetu ndiko toba.

Kwa hiyo twaona kwamba waliouacha ukuta ule wazi walitenda jema. Hawakurudisha dhahabu, wala hawakufuta dhuluma. Lakini ukweli umepata nafasi ndani ya nyumba ya Mungu, nayo sala isiyoogopa ukweli ndiyo sala.

Nasi tunapoandika historia za makanisa yetu, tusiishie kwenye majina ya maaskofu na mapadre. Tuulize pia kiwanja kilikuwa cha nani, na mawe yalibebwa na nani, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Tukipata jibu la aibu, tusilipake chokaa.