Mchawi Ni Jina la Nani?

Rafiki yangu mmoja anayeishi Berlin siku hizi anajiita mchawi. Hafanyi mzaha. Ana kikundi cha wanawake wenzake, wanakutana mwezi unapokuwa mpevu, wanawasha mishumaa, wanamtaja Mungu wa kike. Mwaka jana alinitumia The Spiral Dance, kitabu cha Starhawk kilichotoka 1979, pamoja na ujumbe wa sauti: "Shoga, soma hiki, halafu uniambie kwa nini sisi wanawake wa Kiafrika tunaliogopa jina letu wenyewe."

Nilikisoma Buzebazeba, kibarazani kwa mama. Jalada nililigeuza chini ili majirani wasiulize.

Nikiri kwanza kwamba kitabu kilinivuta. Historia yenyewe inavutia. Tarehe 31 Oktoba 1968 wanawake wa New York walivaa kofia ndefu nyeusi wakaenda Wall Street kuwaloga mabenki. Mwaka 1971 Z Budapest, aliyekimbia Hungary akiwa msichana, alianzisha Los Angeles kikundi cha wachawi wanawake watupu, akakipa jina la Susan B. Anthony, yule mpigania kura ya wanawake. Mwaka 1975 akakamatwa kwa kupiga ramli ya karata. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: mwanamke aliyeitwa mchawi Ulaya alikuwa mjuzi wa mitishamba, mjane, mwenye mdomo, asiyetawalika, basi tulichukue tusi lile, tulivae kama taji.

Kuna chumvi humo ndani. Kwa miaka mingi walitaja wanawake milioni tisa waliochomwa. Wanahistoria leo wanakadiria waliouawa kuwa kati ya 40,000 na 60,000, na wanaume wamo. Lakini hesabu ikipungua, hoja haifi. Silvia Federici, katika Caliban and the Witch (2004), anaihusisha misako ile na ardhi iliyokuwa ikiporwa na kazi za wanawake zilizokuwa zikishushwa thamani. Ukitoka Kigoma, habari ya mjane na kiwanja chake huhitaji kufafanuliwa.

Tatizo langu linaanzia kwenye neno. Kiingereza kina neno moja, nao wanalivuta huku na huku. Sisi tuna mganga, na Kiha kina mfumu. Mwanamke anayejua mizizi, anayezalisha, anayeongea na mizimu, ana jina lake tayari na watu wanamwamkia vizuri. Mchawi ni mwingine. Mchawi ni yule anayekula watu usiku. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kusema "bibi yangu alikuwa mchawi" huku akitabasamu. Kwa hiyo rafiki yangu aliposema "jina letu wenyewe" nilijiuliza, letu tangu lini? Ni jina tunalopewa na wengine, tena kwa kawaida tukiwa tumezeeka.

Nina sababu ya kuuma meno ninapoandika haya. Nilipokuwa na miaka tisa, nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi aliyebanika migebuka. Alifanya kazi hiyo maisha yake yote, na moshi ulimfanya macho mekundu kama pilipili. Alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa mbali. Siku moja nilichelewa kurudi nyumbani, giza likanikuta, nikajua fimbo inaningoja. Nikasema nimemkuta yule bibi njiani, uchi, akizunguka mchikichi. Basi. Fimbo sikupigwa. Nilipewa uji, nikakumbatiwa.

Mwezi uleule mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Maneno yangu yakakutana na msiba ule, yakawa ushahidi. Hakuna aliyempiga yule bibi, namshukuru Mungu. Ila wateja waliacha kununua samaki wake, mawe yakaanza kuanguka juu ya bati usiku, na kabla ya masika kwisha mwanawe mmoja alikuja kumchukua. Kiwanja kiliuzwa kwa bei ya kutupa. Mimi nilikuwa naruka kamba uwanjani wakati wanapakia magodoro.

Huyo alikuwa na bahati. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya mauaji ya wanaodhaniwa wachawi, hasa Usukumani: kati ya 1970 na 1984 waliuawa zaidi ya watu 3,600 Tanzania Bara, wengi wao wanawake. Macho mekundu yalitosha kuwa kosa. Na kwetu Kigoma kuna kamchape, wengine wanawaita lambalamba, wanaozunguka vijijini kufichua uchawi. Sheria ya Uchawi tuliyonayo tuliachiwa na Waingereza mwaka 1928. Inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali pengine. Yaani anayehamishwa ni yule anayenyooshewa kidole. Waingereza wenyewe walifuta sheria yao ya uchawi mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner akachapisha Witchcraft Today bila kuogopa kufungwa. Huo ndio mlango waliopitia akina Starhawk. Tusi unaweza kulivaa kama taji pale ambapo hakuna tena anayekuja na panga.

Nilimwandikia rafiki yangu hivyo. Akanijibu, na jibu lake bado linanisumbua: "Kwa hiyo neno tuwaachie wao? Walishike mpaka lini?"

Sina jibu zuri. Ninachoweza kumwonyesha ni kwamba huku kwetu wanawake walishika nguvu za namna hiyo bila kuomba jina kwa adui. Mpakani mwa Rwanda na Uganda, Muhumusa aliongea kwa sauti ya Nyabingi na wanaume wenye mikuki wakamfuata. Waingereza walimkamata 1911, wakamzuia Kampala mpaka alipofariki 1945. Mwaka mmoja baada ya kumkamata, Uganda ikapata sheria ya uchawi, nayo ikatumika dhidi ya wafuasi wa Nyabingi. Kumbe serikali nayo hutumia neno lilelile nililotumia mimi nikikwepa fimbo.

Lakini nisidanganye kwa kupamba. Nguvu za kiroho mikononi mwa mwanamke si lazima ziwe upande wa wanawake. Mganga anayetaja jina la bibi kizee anaweza kuwa mama mtu mzima, mwenye khanga safi na sauti ya upole. Na aliyemponza yule bibi wa migebuka alikuwa msichana. Kitabu cha Starhawk hakina nafasi ya msichana huyo, na ndiyo sababu nilikifunga mara kadhaa kabla ya kukimaliza.

Jioni niliyokimaliza nilimuuliza mama kama anamkumbuka. Alikuwa anachambua dagaa. "Namkumbuka. Alinidai hela ya samaki, sikuwahi kumlipa." Nikamwambia kwamba siku ile sikuona kitu njiani. Mama hakuinua kichwa. "Najua," alisema. "Ulikuwa unaogopa fimbo." Akaendelea kuchambua. Sikuweza kumuuliza, kama alijua, kwa nini alinipa uji.