Maji Yamekwisha

Keti, mwanangu. Benchi hilo liache, mguu wake mmoja umeliwa na mchwa, vuta kigoda. Bibi yako anakuletea chai. Juzi nilikaa hapa hapa uani, redio mapajani, tangu saa nane mchana hadi nyota zilipotoka, nikikusikiliza wewe na vijana wako kule juu ya mashamba ya miti. Tangu siku hiyo natafuta namna ya kusema nawe bila kukuvunja moyo, na sijaiona. Basi nitasema tu. Ukiona najirudia, vumilia. Maneno haya nimeshawaambia viongozi watatu kabla yako, na wawili kati yao waliitikia "ndiyo babu" kwa namna hiyo hiyo unayoitikia wewe.

Moto mliuzima. Wenzako walirudi wote, macho mekundu, nyusi zimeungua kidogo, na kina mama wakawapokea kwa loshoro. Wakaimba. Mimi sikuimba. Redioni nilisikia watu watatu wakitoa amri, na mmoja wao hata mlimani hakupanda. Alikuwa barabarani juu ya pikipiki, anauliza kama mmefika, akijibiwa anauliza tena. Watu wa pwani wana msemo wao juu ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Sisi wa huku hatuna jahazi, lakini kwenda mrama tunakujua.

Nianze na kidole chako. Wewe unabonyeza kitufe na kusema kwa mpigo mmoja. Redio haiamki hivyo. Ukibonyeza, inataka kama sekunde moja ndipo ianze kurusha sauti, na chochote unachosema ndani ya sekunde hiyo kinamezwa. Sasa fikiri lugha yetu ilivyo. Kukataa kwetu kwingi tumekuweka mlangoni mwa neno. "Hatuna maji" ikikatwa kichwa inabaki "tuna maji." "Hakuna mtu ndani" inakuwa "kuna mtu ndani." "Hamna njia" inakuwa "mna njia." Redio haisemi uongo, inameza silabi moja tu, lakini hiyo silabi ndiyo iliyobeba maisha ya mtu.

Nakuambia hili kwa sababu limenipata. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kirefu, moto uko kwenye vichaka vya juu, pale msitu mkubwa unapokoma. Nilikuwa kiongozi, na nilikuwa na umri kama wako. Nikauliza redioni kama bondeni kuna mtu. Kijana mmoja akanijibu huku anakimbia, amebonyeza na kusema kwa pamoja: hakuna mtu bondeni. Mimi nikasikia kuna mtu bondeni. Sikumrudishia alichosema. Nilikuwa na haraka, na mwenye haraka husikia lile analoliogopa. Nikawatuma vijana wawili washuke wakamtoe mtu ambaye hakuwepo. Upepo ukageuka, moto ukawafuata bondeni. Walitoka wote wawili, lakini mmoja mkono wake wa kulia haukurudi kuwa mkono. Nakutana naye sokoni mara kwa mara. Akiniamkia hunipa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekatizwa akila, nami nakishika kifundo hicho. Hajawahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Kwa hiyo bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme. Na usiseme "hatuna maji." Sema "maji yamekwisha." Usiseme "msishuke," sema "kaeni hapo hapo mlipo." Usiseme "hakuna mtu," sema "nyumba ni tupu." Tafuta neno ambalo hata likikatwa kichwa halitageuka kuwa kinyume chake. Na ukisikia, rudisha: nimesikia maji yamekwisha. Ukisharudisha, yule wa juu ndiye akuambie ndiyo. Hayo yote yanachukua muda wa kupiga chafya.

Sasa la adabu, na hapa nitakushangaza kidogo. Juzi kijana wako mmoja alinipata kwenye chaneli, akaanza: shikamoo babu, habari za tangu asubuhi, na nyumbani hawajambo, samahani kwa usumbufu. Amelelewa vizuri mtoto yule, na mama yake nitampongeza. Lakini alipokuwa ananiamkia, kuna mwenzake alikuwa anajaribu kusema kwamba moto umevuka njia. Kitufe kikiwa kimeshikwa na mmoja, mwingine hasikiki. Wakishika wawili kwa pamoja, wote wawili wanakuwa mkoromo. Waambie vijana: redioni mzee hana shikamoo. Nimewasamehe wote, hata mjukuu wangu. Wataniletea shikamoo zao jioni, nitazipokea moja moja.

Jingine ni mahali. Nilisikia "moto uko upande wa kulia, kule juu." Kulia kwa nani? Kwetu huku, mtu anayepanda na mtu anayeshuka kulia kwao si kumoja. Na juu ni wapi, kama mlima wenyewe una zaidi ya mita 4,500? Mungu ametupa mito, wala hatukumlipa. Themi, Nduruma, Tengeru, Malala, Usa: yote inashuka kusini kama vidole vya mkono uliolegea, na kati ya mto na mto kuna mgongo. Taja mto, sema mashariki yake au magharibi yake, kisha sema mko karibu na nini. "Mashariki ya Nduruma, juu ya shamba la misonobari, chini ya barabara ya moto." Mtu aliyezaliwa huku atakuja hapo gizani.

Na ujue mlima wenyewe ni ukuta. Mawimbi ya redio zetu huenda moja kwa moja kama macho; pale jicho lisipoona, redio nayo mara nyingi haifiki. Aliye Ngare Nanyuki hawezi kusema na aliye Olmotonyi, mlima mzima umekaa katikati. Hata hapa kwetu, kijana akiteremka kwenye korongo anapotea. Ndiyo maana siku zote nilimwacha mtu mmoja juu ya mgongo, hana tawi la kupigia moto, hana jembe, kazi yake ni kuwaona wa upande huu na kuwasikia wa upande ule, na kupeleka maneno. Vijana wanaona kazi hiyo ni ya mvivu. Mchague aliye makini kuliko wote. Juzi hukumweka mtu, na kwa muda wa kuchemsha maharage kundi lako la pili halikuwa na sauti. Ulidhani wako kimya kwa sababu wako salama.

Kunywa chai, inapoa.

Sasa jambo ambalo hutalipenda. Mama mmoja aliniambia kwa sifa kwamba wewe ulikuwa mbele kuliko wote, tawi mkononi, unaupiga moto. Nilinyamaza. Mwanangu, kiongozi akishika tawi, anaona hatua tano mbele ya pua yake. Nani alikuwa anautazama upepo? Mchana upepo huu hupanda na mlima, na moto hupanda nao mbio kuliko mtu; jua likizama hewa hupoa na kuanza kuteremka, na moto uliokuwa unawakimbia unaweza kugeuka ukawatazama usoni. Saa ile ya kugeuka ndiyo niliyokuwa naihofia nikiwa hapa uani, kwa sababu nilikusikia unahema. Mtu anayehema hawezi kuhesabu watu. Simama kando, mahali palipoinuka, afadhali pale palipokwisha kuungua, maana majivu hayaungui mara ya pili. Waarusha jirani zetu wana laigwanani, kiongozi wao. Nimekaa kwenye vikao vyao. Wengine wanapiga kelele, yeye anasikiliza, na akisimama ni kwamba amekwisha kusikia. Hakuna anayemwita mvivu.

Na uhesabu. Daftari nililokupa, andika kila jina linalopanda, pamoja na mwenzake anayetembea naye, kisha uyatie alama yakishuka. Moto ukishakuwa mkubwa watu wema ndio wanaozidi kuwa wengi, na wema wao una shida zake. Kumbuka Kilimanjaro, Oktoba 2020. Moto ulianza tarehe 11 pale Whona, wanapopumzika wageni kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukala kama kilomita za mraba 95. Walipanda askari wa TANAPA, walipanda zimamoto, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wanavijiji, mamia ya watu. Horombo iko mita 3,720. Usiku baridi yake inauma mfupa. Mtu aliyekuja na fulana moja na moyo mzuri, nani anajua yuko wapi saa sita usiku? Nani amempa maji? Na kule juu ardhi yenyewe ni mizizi na majani makavu yaliyolala miaka mingi. Moto unaingia chini, unalala, mnaimba nyimbo za ushindi, keshokutwa unachomoza mahali pengine. Ndiyo maana nilikukataza juzi kuwaruhusu wote waondoke. Weka mkono wako juu ya udongo. Kama huwezi kuhesabu hadi kumi bila kuuondoa, bado.

Zamani mkufunzi mmoja alitusimulia habari ya Marekani, ya bonde moja la Montana liitwalo Mann Gulch. Ilikuwa tarehe 5 Agosti 1949. Wazima moto 15 walirushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, wakakutana na mwenzao mmoja aliyekuwa chini. Redio yao ilirushwa pia, mwavuli wake haukufunguka, ikavunjika. Moto ukawageukia katika majani makavu, wakakimbia kupanda mlima. Kiongozi wao, Wagner Dodge, akafanya jambo ambalo wenzake hawakuwahi kuliona: akasimama, akawasha moto mwingine mbele yake, akaingia kulala katika majivu yake, akawaita. Hawakumfuata. Wakampita wanakimbia. Walikufa watu 13. Dodge alipona bila kuungua, na wengine wawili walipata upenyo kwenye miamba.

Wenzangu darasani walibishana kuhusu ule ujanja wa kuwasha moto. Mimi kisa hicho kilininyima usingizi kwa sababu nyingine. Mtu anawaita watu wake, sauti inasikika, na alilosema ni kweli, lakini hawaji. Mkufunzi alisema wengi wao hawakuwa wamezoea kufanya kazi naye. Hawakuwa wamekula naye, mwanangu. Wewe vijana wako unawajua majina, lakini nani kati yao anaogopa giza? Nani ana pumu anayoificha? Kiangazi huja kila mwaka. Miezi kabla yake ni ya kufyeka barabara za moto, na kufyeka huko si kwa ajili ya nyasi tu. Siku ukisema "tupeni majembe, ingieni kwenye majivu," wawe wamekwisha kukusikia ukisema mambo madogo mara mia, na yakawa kweli.

La mjini nitalipita haraka, kwa sababu huko wewe si kiongozi. Nyumba ikiungua Unga Limited au Kijenge, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ndilo lenye kazi hiyo kwa Sheria Na. 14 ya 2007. Piga 114, sema mahali hadi mpokeaji akurudishie, ndipo ukate simu. Watu wanapiga kelele "kunaungua, njooni" kisha wanakata. Umeme uzimwe kabla mtu hajamwaga ndoo. Mitungi ya gesi, kama inafikika bila kuingia motoni, itolewe. Tuma kijana asimame barabarani alionyeshe gari kichochoro, maana vichochoro vyetu gari la maji linaingia kwa kubembelezwa. Na mkuu wao akishuka, mwambie mambo matatu tu: nani yuko ndani, kinachoungua ni nini, maji yako wapi. Kisha unyamaze, ufanye utakaloambiwa. Juzi ulilalamika kwamba wakubwa hawawasikilizi watu wa kujitolea. Pengine. Lakini nimeona watu wa kujitolea wakimzunguka mkuu sita kwa pamoja, kila mmoja na habari yake, na mmoja anapiga picha kwa simu.

Nimechoka, na si kwa kupanda mlima, siku hizi sipandi. Masikio ndiyo yaliyochoka. Miaka hii yote nimekuwa nikisikiliza mkoromo na kujaribu kutambua ndani yake ni mtoto wa nani.

Redio hii betri yake imejaa, nimeichaji tangu alfajiri. Nyingine ninabaki nayo mimi. Nenda hadi pale kwenye mparachichi, nyuma ya banda la ng'ombe ambako huwezi kuniona. Bonyeza, vuta pumzi, niambie maji yamekwisha na vijana wako wako wapi. Nitakurudishia nitakachosikia. Nenda, mwanangu, chai utaikuta.

Nimesikia "… tuna maji." Anza tena.