Fungu la Aliyebaki Nyumbani

Bwana mmoja anayeichunguza dini ya Islam alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na swali ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa dogo tu. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Kijana aliyemtumikia miaka minne aliomba ruhusa kwenda kijijini kumwuguza mama yake, naye akampa. Kijana aliporudi baada ya majuma matatu alimkuta mtu mwingine amesimama penye mizani yake. "Maalim," akaniuliza, "mshahara wa siku alizofanya kazi nilimlipa wote. Je, nina dhambi?"

Sikumjibu moja kwa moja. Nilimsimulia habari za Badr.

Katika Ramadhani ya mwaka wa 2 wa Hijra, yaani mwaka 624, Waislamu wapatao 313 walitoka Madina, wakakabiliana na watu wa Makka wapatao 1,000. Wakati huo Bibi Ruqayya r.a., binti wa Mtume Mtukufu s.a.w. na mke wa Seyidna Uthman r.a., alikuwa mgonjwa sana. Mtume s.a.w. alimwamuru Uthman abaki amwuguze mkewe. Akabaki, na Bibi Ruqayya akafariki katika ugonjwa ule. Lakini ngawira ilipogawanywa, fungu la Uthman lilitengwa kama la mtu aliyesimama vitani, na Mtume s.a.w. alimpa habari kwamba hata thawabu yake ni sawa na ya aliyehudhuria.

Ndugu msomaji, kama yuko mkuu aliyekuwa na haki ya kusema, "Sina mtu wa ziada," basi ni mkuu wa jeshi lile dogo. Wala hakumhesabia Uthman siku zile kuwa ni upungufu. Watu wengine ndio waliomhesabia. Miaka mingi baadaye alitokea mtu akamtia Uthman ila kwa kutokuwapo Badr, na Abdullah bin Umar r.a. ndiye aliyemweleza sababu yake. Huenda hata leo anayerudi kutoka kuuguza hukutana na macho kama hayo mlangoni pa kazi.

Serikali nazo zimeweka ulinzi wake. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi anayestahili likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Mama aliyejifungua hupata siku 84 zenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na likizo ikiisha ana haki ya kurudi kazini kwa masharti yale yale. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Lakini kwa mwenye kuuguza, mlango ni mwembamba. Siku 4 zenye malipo hutolewa mtoto wa mfanyakazi anapougua au kufa. Mzazi ametajwa katika kifo tu. Je, mwana asubiri mama afe ndipo apewe nafasi? Hapa ndipo Mwislamu hawezi kujificha nyuma ya sheria, maana fungu la Uthman halikutolewa kwa kulazimishwa na mtu.

Nilimwambia bwana yule: ruhusa uliyoitoa kwa ulimi wako ilikuwa ahadi kwamba atakaporudi atapokewa, na Qur'ani Tukufu yatufundisha kwamba ahadi itaulizwa. Mshahara ulilipa, ahadi hukuilipa.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: na yule mpya afanyiwe nini, maana naye ameacha kibarua kingine kwa ajili ya duka lile, wala hakuambiwa kwamba anamshikia mwenzake nafasi? Swali hili la pili lilinipendeza kuliko la kwanza. Tulikaa barazani tukilizungumza hata ikaadhiniwa Magharibi.