Mkate Kwanza

Nabii Eliya alipochoka hadi akaomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale tena.

Namkumbuka Eliya kila ninapomsikia mzazi akimwuliza mwanawe anayesomea saikolojia katika chuo cha Kikristo, kama kile Chuo Kikuu cha Daystar kule Athi River: "Kwani maombi hayatoshi?" Maombi yako palepale, mama. Mwanao anajifunza kukaa na mjane anayekunja na kukunjua leso mapajani, asimkatize, asimharakishie aya. Anasoma takwimu pia, na jinsi ubongo unavyofanya kazi, na hapo wengi hutoka jasho.

Kazi zipo: shuleni, hospitalini, magerezani, katika kambi za wakimbizi na ofisi za waajiri. Lakini shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu kuwa mtabibu wa akili. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, na ni haki, kwa maana jeraha la moyoni halichezewi.

Jioni mwanao akirudi, mwandalie chai, umwulize amesoma nini leo.