Kafala Iliyopinduliwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu wa Mikindani, neno kadama halihitaji kufasiriwa hapa, kwani wengi wenu mna binti, dada au jirani aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Leo twataka kusema juu ya neno jingine, nalo ni kafala.

Katika fiqhi tuliyosomeshwa, kafala ni mtu kujifunga kwa hiari yake kuubeba mzigo wa mwenziwe. Kafili ndiye anayedaiwa. Katika nchi za Ghuba jambo hili limepinduka: ukaazi wa mtumishi umefungwa kwa kafili, mara nyingi pasipoti yake imo sandukuni mwa kafili, naye akiikimbia dhuluma hushitakiwa kwa kutoroka. Jina ni la sheria yetu, walakini tendo silo.

Wako wanaotunong'oneza kwamba hiyo ni nchi ya Makka na Madina, tusiitie aibu. Twawajibu: utukufu wa Haramaini ni wa Mwenyezi Mungu, si wa mwenye nyumba wa Riyadh anayezuia mshahara. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira. Hakumtoa Mwarabu katika hukumu hiyo. (Wala hakututoa sisi. Msichana wa Kaloleni afuaye nguo zetu, je, mwezi uliopita amelipwa?)

Mwaka 2012 serikali yetu ilipiga marufuku kupeleka watumishi huko, na 2014 ikafuta leseni za mawakala. Wasichana wakatoka kwa njia za panya, bila mkataba wala wa kuwaulizia. Safari zikaruhusiwa tena, na mwaka 2021 Bunge likaelezwa kuwa Wakenya 89 wamefia Saudia. Mwaka huo huo Saudia ilipolegeza kanuni zake, mfanyakazi aweze kuhama mwajiri bila idhini yake, watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Hilo ndilo la kudaiwa kila wakubwa wa dola hizi mbili wanapokutana. Kutimiza ahadi kumeamrishwa katika Suratul Maida, nao wanaisoma sura hiyo hiyo tuisomayo sisi.

Mwenye binti aliyepewa mkataba na wakala, na aje nao darasani baada ya Isha, kabla ya kutia sahihi. Tutausoma pamoja, Kiarabu chake na Kiingereza chake, na nakala ibaki kwa mzazi.