Deni la Mwenye Kujua

Mabaharia wana kitabu kiitwacho batli. Ndani yake huandikwa mwendo wa chombo, upepo, saa, na kila jambo lililotukia safarini. Mwandishi wa batli anajua alichokiona. Faida ya kitabu humwendea mtu wa zamu ifuatayo, ambaye alikuwa amelala jambo lilipopita. Programu ya kompyuta nayo ina batli yake: mistari ya habari inayojiandikia ikiwa kazini, pamoja na maneno inayomtolea mtumiaji inapokwama. Hapa huzuka swali la maadili kabla ya ufundi: mwenye kujua ana deni gani kwa mtu atakayesoma neno lake wakati yeye mwenyewe hayupo?

Aghalabu hujibiwa kuwa deni hilo ni dogo. Programu ikifanya hesabu yake sawasawa, husemwa, maneno ni pambo. Historia hailikubali jibu hili.

Tarehe 21 Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, nchini Marekani, mgonjwa mmoja alilazwa chini ya mashine ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyoundwa Kanada. Mwendeshaji alikuwa chumba kingine. Televisheni ya kumtazamia mgonjwa haikuwa imeunganishwa siku ile, na chombo cha kusikilizia sauti yake kilikuwa kibovu. Basi maandishi ya kompyuta yakawa shahidi wa pekee. Mashine ilisita, ikaandika "MALFUNCTION 54", yaani hitilafu ya 54. Maelezo mafupi yaliyokuwapo yalifumbua fumbo kwa fumbo. Baadaye ilijulikana kuwa maana yake ni kipimo cha mionzi kilichozidi mno au kilichopungua mno. Kioo kilionyesha kuwa kimepungua. Mwendeshaji, aliyezoea kuona mashine ikisita mara kwa mara bila dhara, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa alipigwa mara ya pili na mionzi iliyopita kiasi. Akafa miezi mitano baadaye. Mwezi wa Aprili, mahali pale pale, ujumbe ule ule ulimtokea mgonjwa mwingine, naye akafa.

Haki haitaki ujumbe ubebeshwe lawama yote. Kosa lilikuwa katika programu yenyewe, na kinga zilizokuwamo katika mashine za kabla yake zilikuwa zimeondolewa. Lakini neno lilikuwa mlango wa mwisho baina ya kosa na mwanadamu, na mlango huo ulifungwa kwa namba. Aliyejua maana ya 54 alikuwa mbali; aliyekuwa karibu hakujua. Dhuluma ilikuwa hapo: mzigo wa kutojua alitwikwa mtu asiyekuwa na njia ya kuutua.

Je, mwandishi wa namba ile alikusudia ubaya? Yamkini hakukusudia. Giza la maneno mara nyingi huzaliwa na ujuzi kuliko uovu. Mwenye kujua husoma mstari wake na kusikia maana iliyomo kichwani mwake, akadhani imo katika mstari. Kinyozi hajinyoi. Hii ndiyo hekima ya ukaguzi wa programu, ambao utaratibu wake Michael Fagan wa IBM aliuchapisha mwaka 1976: kazi ya mmoja isipokewe kabla ya kupita mbele ya macho ya wengine. Programu ya Therac-25 ilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Hata hivyo wakaguzi wengi huchungua hesabu na kuruka maneno. Mkaguzi mwema hujiweka mahali pa mgeni, akauliza: nini kimetukia? Kimepata kitu gani? Hatari yake ni kiasi gani? Msomaji afanye nini sasa? "Hitilafu 54" haijibu hata swali moja. "Kipimo cha mionzi hakilingani na kilichoagizwa. Usiendelee. Mtazame mgonjwa, kisha mwite fundi" hujibu yote, wala haihitaji ufundi mkubwa kuandikwa.

Yuko atakayepinga kuwa uwazi huleta maneno mengi na kuanika siri. Pingamizi hili lina uzito. Batli inayolia kwa kila jambo huwafundisha watu kutosikia, kama yule mwendeshaji wa Tyler alivyofundishwa. Na neno la siri la mtumiaji halina haki ya kuonekana katika batli yoyote. Lakini uwazi una kipimo chake: neno la kutosha, kwa mtu linayemhusu, kwa wakati wake.

Mwandishi aliye hodari, akijiandikia mwenyewe, amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili hukamilishwa na mwenzake anayethubutu kusema, "Sijaelewa." Neno hilo hudhaniwa kuwa la mjinga. Katika ukaguzi ni utetezi wa mtu asiyejulikana, atakayeusoma mstari ule peke yake, na uhai wa mtu mwingine umo mkononi mwake.