Amana ya Aliyelazwa Usingizi

Mgonjwa aliyepewa nusukaputi ni amana mikononi mwa wengine: hawezi kuomba, kukataa wala kujigeuza kitandani. Amana hiyo haiishii kwenye mshono wa mwisho. Kwa mwenye unene uliokithiri, saa zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa. Akilala chali, tumbo husukuma kiwambo juu, mapafu hubakiwa na hewa kidogo, na oksijeni ya damu hushuka upesi. Wengi wenye unene huo hukatika pumzi usingizini hata nyumbani, mara nyingi bila kujua. Wakipewa mofini, koo hulegea na ubongo huchelewa kuamuru pumzi nyingine. Baadhi ya dawa za usingizi huyeyuka katika mafuta ya mwili, na upasuaji mrefu huzipa muda wa kujikusanya humo. La kufanya linajulikana, na sehemu yake kubwa haihitaji fedha nyingi: kuinua kichwa na kifua, kuhakikisha dawa ya kulegeza misuli imekwisha nguvu kabla ya kutoa mrija wa hewa, kupunguza mofini kwa kutumia ganzi ya sehemu, kisha kumwangalia kwa muda mrefu zaidi.

Lakini muuguzi ni mmoja na vitanda ni vingi. Kwa nini huyu apewe muda wa ziada? Aristotle, akieleza kiasi kinachofaa, alimtaja Milo mpiga mieleka: chakula kinachomfaa Milo humzidi anayeanza mazoezi. Hakuwa akizungumzia hospitali, ila hoja yake inafika huku. Kuwapa wote dakika zilezile ni kumpunja yule ambaye pumzi yake ina mashaka.

Pingamizi zito zaidi husemwa kwa sauti ya chini: amejitakia. Utafiti wa mapacha uliochapishwa na Albert Stunkard na wenzake mwaka 1990, ukiwahusisha mapacha waliolelewa mbalimbali, ulionyesha kwamba urithi una nguvu kubwa katika uzito. Hata hivyo siegemezi hoja hapo, kwani wapo waliokula kupita kiasi, nao pia wana haki. Daktari anayeshona mguu wa dereva mlevi hapimi uzi kwa ukubwa wa kosa. Hukumu ya maisha ya mtu, kwa mwenye imani, ni ya Mungu. Aliyepokea amana kazi yake ni kuirudisha salama. Tena lawama yenyewe huua: anayeogopa kuchekwa hasemi kwamba hukoroma hadi pumzi ikakatika, na mkewe, aliyemsikia miaka yote, haulizwi. Aulizwe siku ya kumwandaa mgonjwa, kwa heshima, kabla sindano ya kwanza haijachomwa.